Kuipa Siku Vigingi: Somo kuhusu Utulivu na Ratiba ya Nyumbani Wakati wa Zuio la Maradhi ya Mlipuko

Utangulizi

Tarehe 6 Mei 2020, Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba hakuna ruhusa ya kuingia wala kutoka katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi. Zuio hilo lilipangwa kudumu siku 15, kisha likaongezwa hadi mwanzoni mwa Juni. Kabla ya hapo wakazi walikuwa tayari chini ya amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza tarehe 27 Machi, na shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya mwezi huohuo. Sasa mchana nao ukafinyika. Aliyefanya kazi ng'ambo ya kisiwa hakuweza kuifikia kazi yake, na sehemu za kula za mtaani zilifungwa. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, na Idi-ul-Fitri ikawakuta watu humohumo.

Makala haya yanaliangalia tukio hilo, pamoja na yale yaliyofanana nalo kwingineko, kwa jicho la tiba. Swali letu ni moja: familia iliyofungiwa nyumbani kwa wiki kadhaa hupataje utulivu? Jibu la kawaida husema watu wajishughulishe ili muda upite. Sisi tunashauri jibu jingine. Utulivu hautokani na kuujaza muda, bali na kuufunga mahali pachache palipo imara. Hema halihitaji kamba kila shubiri. Vigingi vichache vilivyopigwa vizuri hulishikilia hata upepo unapovuma. Siku nayo ni hivyo. Msomaji akimaliza somo hili, tunatarajia aweze kueleza kwa nini mwili unahitaji vigingi hivyo, avitaje, na avipange katika nyumba yake.

Kilichopotea mlango ulipofungwa

Siku ya kawaida hupangwa na watu wengi bila sisi kutambua. Kengele ya shule humwamsha mama kabla haijalia, kwa kuwa mama anaijua. Muuza maziwa, kondakta wa matatu, mteja wa kwanza dukani na jirani anayepita kwenda swala ya alfajiri, wote hutuambia ni saa ngapi. Mwaka 1988, watafiti Cindy Ehlers, Ellen Frank na David Kupfer walitoa nadharia kwamba miadi hii midogo ya kijamii hutusaidia kuzishika saa za mwili, na kwamba ikivunjika, usingizi na hali ya moyo huyumba, hata kufikia sonona kwa mtu aliye na mwelekeo huo.

Zuio la maradhi huivunja miadi hiyo yote kwa siku moja. Mapitio ya tafiti 24 kuhusu karantini, yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Februari 2020, yalitaja yanayowaumiza zaidi waliofungiwa: urefu wa muda, hofu ya kuambukizwa, kuchoshwa na upweke wa kukaa bure, upungufu wa mahitaji, na taarifa zisizotosheleza. Baada ya karantini kuisha hubaki hasara ya kipato na unyanyapaa.

Tunajifunza jambo la kwanza hapa. Mtu anayejikuta mzito, amelala hadi saa nne asubuhi, hana hamu ya kuoga wala kubadili nguo, si lazima awe mvivu. Inawezekana amenyang'anywa saa zake. Kumkaripia hakutamrudishia, kumpigia vigingi vipya kutamsaidia.

Saa iliyomo mwilini

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali inapopishana mishipa ya fahamu itokayo machoni, kuna fungu dogo la seli zipatazo 20,000. Hilo ndilo saa kuu ya mwili. Huongoza usingizi, joto la mwili, njaa, na utoaji wa homoni nyingi. Giza linapoingia, tezi ndogo iliyomo ubongoni huanza kutoa melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umefika. Kuelekea asubuhi kiwango cha kortisoli hupanda na kuuandaa mwili kuamka. Kazi ya kufafanua jinsi seli zinavyohesabu muda ndiyo iliyowapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2017.

Saa hiyo ina kasoro moja muhimu: kwa watu wengi mzunguko wake huzidi saa 24 kwa dakika chache. Isiporekebishwa kila siku, huchelewa kidogo kidogo. Kirekebishi chake kikuu ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Mwaka 1962, Mfaransa Michel Siffre alikaa miezi miwili peke yake katika pango la Scarasson milimani Alps, bila saa wala mwanga wa jua. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni tarehe 20 Agosti. Mwili wake ulikuwa umeendelea kulala na kuamka kwa mzunguko uliozidi kidogo saa 24, ila hesabu yake ya siku ilikuwa imepotea.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana kumbukumbu ya jambo hili katika lugha yao wenyewe. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya macheo, na saa moja usiku ni ya kwanza baada ya machweo. Katika pwani iliyo karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hesabu hiyo hulingana na jua kila siku. Wahenga hawakujua habari za seli za ubongo, lakini waliianza hesabu mahali pale pale mwili unapoianzia.

Tusidhani basi kwamba kupata muda mwingi wa kulala ndiko kupumzika. Uchunguzi uliofanywa Austria, Ujerumani na Uswisi katika majira ya kwanza ya kufungiwa mwaka 2020 ulionesha kuwa watu walilala muda mrefu kidogo kuliko zamani, ilhali wenyewe walieleza kwamba ubora wa usingizi wao umepungua.

Vigingi vitano

Kigingi cha kwanza ni saa ya kuamka. Mtu hawezi kuuamuru usingizi uje, lakini anaweza kujiamuru kuinuka. Kwa hiyo ratiba huanzia asubuhi, si usiku. Chagua saa moja, uishike siku zote saba za wiki, na tofauti isizidi saa moja. Ukishaamka, tafuta mwanga wa nje mapema. Nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na madirisha madogo ili kuzuia joto; ni baridi nzuri mchana, lakini ndani mna kiza. Hata vyumba vingi vya kisasa havipati mwanga unaofikia laksi 500, ilhali nje, mawingu yakiwapo, mwanga hupita maelfu ya laksi. Nusu saa darini, uani, kizingitini au dirishani pamoja na kikombe cha chai inatosha kuirekebisha saa.

Kigingi cha pili ni mlo. Ini na viungo vingine vya kusaga chakula vina saa zake ndogo, nazo hufuata nyakati za kula. Chakula kikiwa kidogo, wakati wake usiwe wowote tu. Uji wa saa moja unaoliwa na watu waliokaa pamoja, mbali na kitanda, huutuliza mwili kuliko vipande vya mkate vinavyookotwa jikoni mchana kutwa.

Kigingi cha tatu ni mwendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na watoto wa umri wa shule wafikishe wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na nusu saa hiyo yaweza kugawanywa mara tatu. Kupanda na kushuka ngazi, kufua kwa mikono, kuruka kamba uani na kucheza ngoma sebuleni vyote vimo katika hesabu.

Kigingi cha nne ni sauti ya mtu aliye nje ya nyumba. Baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba za Waswahili zilikuwa ndipo mahali pa kuonana bila kualikana. Baraza likikosa watu, simu ishike nafasi yake, kwa saa iliyopangwa: kila jioni baada ya alasiri, mtu mmoja wa kujuliwa hali. Mwenye kupiga hufaidika sawa na mwenye kupigiwa. Habari za ugonjwa zisihesabiwe kuwa mazungumzo. Zisikilizwe mara moja au mbili kwa siku kutoka chanzo cha kuaminika, kisha redio izimwe.

Kigingi cha tano ni kuifunga siku. Saa moja kabla ya kulala, punguza taa, weka simu mbali, kwa kuwa mwanga wake huichelewesha melatonini, na fanya jambo lilelile kila usiku: kuoga, kusali, kumsimulia mtoto hadithi, kupanga vyombo vya kesho. Jambo lenyewe si kubwa. Kurudiwa kwake ndiko kunakouambia mwili kwamba siku imekwisha.

Kati ya vigingi hivyo, siku iachwe huru. Ratiba iliyojaa kila dakika huvunjika asubuhi ya kwanza mtoto anapougua tumbo, na mtu aliyeshindwa ratiba hujiona ameshindwa maisha.

Funzo la Ramadhani

Turudi Mji wa Kale. Kwa Waislamu waliofungiwa mwezi ule, mengi yaliondoka: tarawehe msikitini, futari ya kualikana, matembezi ya Idi. Lakini nyakati hazikuondoka. Daku ilikuwa na saa yake, alfajiri ilikuwa na saa yake, na magharibi ilipoingia kila nyumba ilijua la kufanya. Kwa maneno mengine, mwezi wa mfungo uliingia ndani ya zuio ukiwa na vigingi vyake tayari.

Hatusemi kwamba mwezi huo ulikuwa mwepesi. Tunasema kwamba unatufundisha tofauti iliyopo kati ya wepesi na utulivu. Mfungaji ana njaa, lakini anajua njaa yake itakwisha saa ngapi na atakuwa na nani. Aliyefungiwa bila ratiba huenda asiwe na njaa, lakini hajui saa hii ni ya nini. Mkristo anayefanya ibada ya Jumapili sebuleni kwa saa ileile ya kanisani, na mwanafunzi anayekaa mbele ya redio wakati wa masomo yanayotangazwa, wote wanatumia kanuni hiyohiyo. Ibada na desturi tulizonazo si za kuwekwa pembeni mpaka maradhi yapite. Ni dawa iliyomo kabatini.

Dawa hufuata chai

Kwa wenye maradhi ya muda mrefu, ratiba ni suala la uhai. Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu, kisukari, kifafa au VVU hawazikumbuki dawa zao kwa kutazama saa. Wanazikumbuka kwa kuzifungamanisha na jambo jingine: kidonge baada ya chai, kidonge kabla ya kutoka kwenda kazini. Asubuhi ikiyeyuka, chai ikawa inanywewa leo saa moja na kesho saa tano, na kazini hakuendeki, dozi nayo hupotea bila mwenyewe kukusudia kuiacha.

Kwa hiyo, siku ya kwanza ya zuio, funga dawa upya kwenye kigingi kisichotegemea mlango kufunguliwa, kama vile kupiga mswaki au mlo wa kwanza. Hesabu vidonge vilivyobaki na uandike siku vitakapokwisha, ili aliyeruhusiwa kwenda kituoni aende mapema. Mwenye kisukari anayetaka kufunga azungumze kwanza na mtoa huduma wake, kwa sababu dozi na nyakati zinaweza kuhitaji kubadilishwa. Asijipangie mwenyewe.

Nyumba moja, watu wengi

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ya vyumba viwili ina watu saba: bibi mwenye kisukari, wazazi wawili na watoto wanne. Wiki ya kwanza kila mtu anaamka kivyake, televisheni inawaka kutwa, mama anapika mara tano, na jioni baba na kijana wake mkubwa wanagombana kwa sababu ya chaja ya simu. Wiki ya pili bibi anaomba kazi. Anapewa kazi ya kuwa mtunza nyakati. Kila asubuhi mjukuu wa miaka kumi anagonga mlango wake: "Shikamoo bibi. Saa imefika." Naye anajibu, "Marahaba mjukuu wangu. Waamshe wenzio, kisha niletee chai na dawa yangu."

Katika mfano huu mambo matatu yamefanyika kwa pamoja. Watoto wamepata kengele mpya. Mzee, ambaye zuio lilimfanya ajione mzigo, amepata nafasi inayohitajika. Na dawa yake imepata shahidi. Ratiba nzuri ya nyumbani humpa kila mmoja jambo moja ambalo wengine wanalingojea.

Mfano huohuo unatuonya pia. Nyumba inapofungwa, kazi za nyumbani huongezeka, na mara nyingi zote humwangukia mama au binti mkubwa. Ratiba inayowapa wengine utulivu kwa jasho la mtu mmoja si utulivu. Ziandikwe kazi zote za siku, kisha zigawanywe, wavulana na wanaume wakiwemo. Mama naye atengewe saa yake isiyoguswa. Pasipo na chumba cha faragha, mkeka uliotandikwa pembeni waweza kuwa chumba: aliyekaa juu yake hasemeshwi mpaka muda wake uishe.

Mipaka ya ratiba

Ratiba haipiki ugali. Familia iliyokosa kipato cha siku inahitaji chakula na fedha, na ushauri wa kuamka mapema hauwezi kuziba pengo hilo. Viongozi wanaofunga mtaa wana wajibu wa kuulisha.

Ratiba pia si tiba ya kila maumivu ya moyo. Mnamo Machi 2022, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Tafuta msaada wa mtaalamu ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kunadumu karibu kila siku kwa wiki mbili, au usingizi na hamu ya kula vimeharibika kabisa. Anayezungumzia kujidhuru asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo. Ambaye nyumbani kwake ndimo alimo anayempiga hahitaji somo la utulivu. Anahitaji njia ya kutoka, na jirani anayejua neno la siri walilokubaliana anaweza kuwa njia hiyo.

Vilevile, dharura haingoji kupambazuke. Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, degedege, uchungu wa uzazi au kutokwa damu ni sababu za kwenda hospitali hata wakati wa amri ya kutotoka nje. Familia yenye mjamzito ijue mapema ni gari la nani litakalotumika usiku, namba ya mhudumu wa afya ya jamii iko wapi, na nani atabaki na watoto. Mpango huo ubandikwe ukutani. Kuujua tu huleta usingizi.

Zoezi la msomaji

Chukua karatasi, chora mstari kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, kisha jibu:

1. Nani au nini kilikuwa kikiniambia ni saa ngapi kabla ya mlango kufungwa? Taja vitu vitano.
2. Kati ya hivyo, ni vipi vimebaki? Vitie alama kwenye mstari. Ndivyo vigingi vyako vya kwanza.
3. Ni wapi nyumbani kwangu ninapata mwanga wa asubuhi?
4. Dawa za kila mgonjwa wa nyumba hii zimefungwa kwenye jambo gani?
5. Ni nani katika nyumba hii hana jambo ambalo wengine wanalingojea kutoka kwake?

Anza na kigingi kimoja kwa siku tatu, kisha ongeza cha pili. Kikichomoka, kirudishe kesho yake bila kujilaumu.

Hitimisho

Tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura tena ya kimataifa. Milango imefunguliwa siku nyingi. Lakini somo hili halikufungwa pamoja na dharura ile. Mlipuko mwingine unaweza kuja, na hata usipokuja, wako watu ambao siku zao zimepoteza vigingi leo hii: mstaafu wa mwezi wa kwanza, kijana aliyeachishwa kazi, mama aliyejifungua juzi, mgonjwa anayepona mguu uliovunjika. Ukimtembelea mmoja wao, usimwulize tu anaendeleaje. Mwulize anaamka saa ngapi, na ni nani anayemngoja akiamka.